AFYA YA AKILI KAZINI: Mwajiri aanze kwa kuitazama kazi yenyewe

MFANYAKAZI akivunjika mguu, wenzake humchangia pesa za matibabu, mkubwa wake hutia sahihi karatasi ya likizo bila maswali mengi, na siku anaporejea na magongo yake hupewa kiti kilicho karibu na mlango. Mfanyakazi huyo huyo akikosa usingizi mwezi mzima, akaanza kusahau mambo madogo, akawa analia msalani kila asubuhi kabla ya kuketi mezani pake, huenda asimwambie mtu yeyote. Akilazimika kwenda hospitalini, wenzake wataambiwa ana malaria au vidonda vya tumbo.

Hofu yake si ya bure. Katika afisi nyingi humu nchini neno 'wazimu' lingali linatumiwa kutaja kila aina ya ugonjwa wa akili, na aliyewahi kulazwa Mathari, hospitali iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1910, hubandikwa jina hilo maisha yake yote. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakuwa na mkataba wa miezi mitatu unaosubiri kuongezwa muda. Anayechelea kibarua chake kisiote nyasi hunyamaza.

Kunyamaza huko kuna gharama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2019 watu 15 kati ya kila watu wazima 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la akili. Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani (ILO) hukadiria kuwa siku bilioni 12 za kazi hupotea ulimwenguni kila mwaka kutokana na sonona na wasiwasi uliokithiri, na kwamba hasara yake hufikia dola trilioni moja za Marekani. Hapa Kenya, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake mnamo Julai 2020 na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Tangu wakati huo mashirika mengi yamezinduka. Mabango yametundikwa kwenye vyumba vya chai, wahamasishaji wamealikwa, na kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, fulana huchapishwa. Swali ambalo haliulizwi mara nyingi ni iwapo kazi yenyewe, kwa jinsi ilivyopangwa, ndiyo inayowaugua watu hao.

Uchovu, msongo na maradhi

Ni vyema kutenganisha mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kujikaza mbele ya jambo zito, mathalan kukamilisha hesabu za mwisho wa mwaka au kuhudumia foleni isiyokwisha. Kwa kawaida msongo hupungua jambo lile likiisha. Ukikosa kuisha, ukawa ndio hali ya kila siku, huanza kula mwili: kichwa kuuma, shinikizo la damu kupanda, usingizi kupaa.

Kuna pia uchovu wa kazi uliopindukia, ambao mwanasaikolojia wa Marekani kwa jina Herbert Freudenberger aliuandikia mnamo 1974 baada ya kuwatazama watu waliojitolea kuhudumu katika zahanati. WHO iliuingiza katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyoidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, lakini kwa tahadhari: iliueleza kuwa hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa. Dalili zake ni tatu. Mtu huishiwa na nguvu kabisa. Huanza kuichukia au kuidharau kazi aliyoipenda. Na huhisi kuwa hakuna analolifanya likafaa. Muuguzi aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina yao, na sasa anawaita kwa nambari za vitanda, huenda si mkatili. Huenda amekwisha.

Sonona ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa, na hutambuliwa na daktari. Mtu hukumbwa na huzuni au kutopendezwa na chochote kwa wiki mbili au zaidi, akakosa usingizi au akalala kupita kiasi, akapoteza hamu ya chakula, akajiona hana thamani. Hali hii huweza kumpata hata mwenye kazi nzuri na mshahara mnono, kwa kuwa chanzo chake si kazi pekee. Hata hivyo, kazi mbaya huweza kuichochea, nayo kazi nzuri ni mojawapo ya mambo yanayomsaidia mgonjwa kupona. Ndiyo maana kumfukuza kazi mtu mwenye sonona 'ili apate nafasi ya kupumzika' ni kumtia shimoni zaidi.

Kazi inavyomwumiza mtu

Mnamo 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza jambo ambalo wafanyakazi wengi walilijua bila kulisomea. Kwa mujibu wa maelezo yake, kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mwenye kuifanya akiwa hana usemi wowote juu ya jinsi ya kuifanya. Wingi wa kazi pekee si tatizo. Profesa Michael Marmot wa London, aliyewafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza kwa miaka mingi, alipata kwamba wenye vyeo vya chini ndio waliougua zaidi moyo, wala si wakubwa waliodhaniwa kulemewa na majukumu. Uchache wa usemi juu ya kazi yao ulikuwa miongoni mwa sababu.

Si vigumu kuiona hali hiyo hapa nchini. Keshia wa duka kubwa haruhusiwi kuondoka kwenye kaunta bila idhini, na jioni pesa zikipungua hukatwa mshahara, hata kama foleni ilimzuia kuhesabu vyema. Mhudumu wa simu hupimwa kwa sekunde, akatukanwa na mteja, kisha akatakiwa kumshukuru kwa kupiga. Mlinzi husimama langoni kuanzia jioni hadi alfajiri pasipo hata banda la kujikinga mvua. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 hutakiwa kueleza kwa nini alama zimeshuka. Hakuna bango la chumba cha chai linaloweza kuyarekebisha hayo.

Saa za kazi zina uzito wake. Utafiti wa pamoja wa WHO na ILO, uliotolewa mwaka wa 2021, ulikadiria kuwa watu 745,000 walifariki mwaka wa 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefanya kazi kwa muda huo ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 akilinganishwa na anayefanya kwa saa 35 hadi 40. Agizo la jumla la mishahara nchini Kenya huweka wiki ya kazi kuwa saa 52 kwa siku sita, lakini kwa wanaofanya kazi usiku huruhusu hadi saa 60. Hivyo basi, mwajiri anaweza kutii agizo hilo kikamilifu na bado akawa amevuka kiwango ambacho wataalamu wa afya wanakihofia.

Halafu kuna pesa. Mshahara unaochelewa kwa wiki tatu humfanya mfanyakazi akope kwenye simu, naye mkopeshaji, deni likichelewa, huanza kuwapigia jamaa na wakubwa wake. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku kumwaibisha mdaiwa kwa njia hiyo. Sheria ya Ajira nayo hairuhusu makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili, ili mtu abakishe walau theluthi moja ya kula. Mwajiri anayelipa kwa tarehe ileile kila mwezi, na anayekataa kupitisha makato yanayozidi kiwango hicho, huenda anafanya mengi zaidi kwa akili za watu wake kuliko yule aliyelipia semina ya siku mbili Naivasha.

Kesi ya wachujaji wa maudhui

Mfano ulioufikisha mjadala huu mahakamani ulitoka Nairobi. Tangu 2019 vijana kutoka mataifa kadhaa ya Afrika waliajiriwa jijini na kampuni ya Sama kutazama picha, video na maandishi yaliyowekwa kwenye Facebook na kuondoa yasiyofaa. Kazi yao ilikuwa kutazama, siku nzima, yale ambayo wengine hawakutakiwa kuyaona: mauaji, mateso, unyanyasaji wa watoto. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefutwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, aliwasilisha kesi mnamo Mei 2022 dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya 180 waliwasilisha kesi yao.

Meta ilishikilia kuwa haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haikuwa mwajiri wao. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo mnamo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono Septemba 2024. Mnamo Desemba mwaka huohuo iliripotiwa kwamba uchunguzi uliofanywa na mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na kuwasilishwa kortini, ulipata zaidi ya wachujaji 140 wakiwa na maradhi ya kiwewe, yaani yale yanayomfanya mtu aishi upya tukio la kutisha, usiku ndotoni na mchana akiwa macho.

Kampuni hizo zimepinga madai dhidi yao, na zimesema kwamba wafanyakazi walipewa huduma za washauri nasaha. Walalamishi wanasema huduma hizo hazikutosha. Uamuzi ni wa mahakama. Lakini kwa mwajiri yeyote anayefuatilia, kesi hii inaonyesha mahali ambapo swali limehamia. Haitoshi tena kuuliza kama mshauri alikuwepo. Huulizwa pia mtu alitazama mambo hayo kwa saa ngapi, alipumzika lini, na alikuwa na uwezo gani wa kusema 'leo siwezi' pasi na kuhesabiwa kosa.

Sheria inasemaje

Waajiri wengi hudhani kwamba afya ya akili ya wafanyakazi ni suala la hisani. Sivyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinaorodhesha mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo kazini, na katika orodha hiyo, katikati ya ujauzito na hali ya virusi vya Ukimwi, kuna maneno 'hali ya akili'. Yamekuwa hapo miaka yote hii. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira mwafaka ya kazi, na inapoeleza maana ya ulemavu inataja ule wa akili pamoja na wa mwili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inafuata mkondo huo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama, afya na maslahi ya wote wanaofanya kazi hapo. Haisemi afya ya mwili pekee. Panapofanya kazi watu 20 au zaidi, inataka kuwe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kamati hizo hukutana, zikakagua mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, kisha zikafunga vitabu. Hakuna kinachozizuia kuuliza pia ni nani amefanya zamu za usiku kwa wiki sita mfululizo, au kwa nini idara moja imepoteza watu watano chini ya msimamizi mmoja.

Panapobana zaidi ni kwenye likizo ya ugonjwa. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini anastahili angalau siku saba zenye mshahara kamili na nyingine saba zenye nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kwa malaria, siku hizo hutosha na kubaki. Kwa sonona, hesabu haiingii. Dawa nyingi za ugonjwa huo huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya mgonjwa kuona nafuu ya kweli, na wiki za kwanza huweza kumletea kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu huyo humaliza siku zake 14 za sheria dawa ikiwa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi. Anaporudi mezani akiwa bado hajapona, akakosea, hupewa barua ya onyo kwa utendaji duni.

Ikumbukwe kwamba siku hizo ni kiwango cha chini. Mwajiri haruhusiwi kutoa pungufu, lakini hakatazwi kutoa zaidi, na mikataba mingi ya pamoja iliyojadiliwa na vyama vya wafanyakazi hutoa zaidi. Kiongozi wa chama anayeketi mezani kujadili mkataba mpya angefanya vyema kukigusa kipengele hiki kabla ya kuingia kwenye marupurupu ya nyumba. Hata pale ambapo mwajiri amefikia uamuzi wa kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni au kwa kutojiweza, Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kusikiliza majibu yake. Akikiuka, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kuhusu gharama za matibabu, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa sahihi mwaka wa 2022 yanampa mgonjwa wa akili haki ya kupata bima ya afya bila kubaguliwa. Mwajiri anayewanunulia watu wake bima ya kibinafsi anapaswa kuisoma karatasi ya masharti hadi mwisho. Si mara moja ambapo kiwango cha matibabu ya akili kimewekwa chini mno, kikafichwa kwenye kurasa za nyuma.

Msimamizi ndiye mlango

Mwongozo wa WHO kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unaanza na mipango ya kazi yenyewe, kisha unasisitiza mafunzo kwa wasimamizi. Mantiki yake ni rahisi. Mfanyakazi hamwoni mkurugenzi mkuu, wala haendi kwa afisa wa wafanyakazi hadi mambo yaharibike. Anayemwona kila siku ni msimamizi wake: nesi mkuu wa wadi, naibu wa mwalimu mkuu, nyapara wa shamba la maua, mkuu wa zamu.

Msimamizi hatakiwi kuwa daktari. Anachotakiwa ni kutambua mabadiliko. Aliyekuwa akifika mapema sasa anachelewa; mchangamfu amekuwa mkimya; mpole amekuwa mkali; mwenye hati safi anakosea hesabu ndogo. Baada ya kutambua, amwite mtu huyo faraghani, na wala si mbele ya wenzake wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara, aseme alichokiona badala ya alichokikisia. "Naona wiki hizi mbili umechelewa mara tano, na hapo awali hukuwa hivyo. Je, kuna jambo hapa kazini tunaloweza kukupunguzia?" Kisha anyamaze. Sehemu ngumu ni hiyo ya kunyamaza, kwani wakubwa wengi hukimbilia kutoa wosia: mtu aombe, ajikaze, awakumbuke wenye shida kumzidi.

Msaada ambao hufuata mazungumzo hayo mara nyingi hauhitaji hata shilingi. Zamu ya usiku inaweza kubadilishwa kwa mwezi mmoja. Anayetumia dawa za kusinzisha anaweza kuanza kazi saa tatu badala ya saa mbili na kufidia jioni. Anayehudumu kwenye kaunta anaweza kupewa kazi ya nyuma kwa muda. Ripoti tatu zinazosema jambo lilelile zinaweza kuwa moja. Suala la simu za wakubwa baada ya kazi pia limo humu. Ufaransa ilitunga sheria ya kumruhusu mfanyakazi kutojibu, iliyoanza kutumika Januari 2017, na hapa Kenya Seneta Samson Cherargei aliwasilisha mswada wenye nia kama hiyo. Mkubwa anayeheshimu usiku wa watu wake hahitaji kungoja mswada.

Siri ikivuja, mpango umekufa

Mashirika mengi huajiri mshauri nasaha na kushangaa mbona hakuna anayekwenda kumwona. Jibu aghalabu liko kwenye korido. Ikiwa afisi ya mshauri imo ndani ya idara ya wafanyakazi, mlango ukitazamana na meza ya karani, hakuna atakayeugusa. Ikiwa mkubwa hupelekewa orodha ya waliohudhuria, hakuna atakayehudhuria mara ya pili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa data nyeti. Kinachofaa ni mshauri awe nje ya jengo, malipo yake yahesabiwe kwa idadi ya vikao wala si kwa majina, na mwajiri apewe tu jumla: watu wangapi walihudumiwa, na shida zipi zilijirudia. Aidha, mwajiri athibitishe kuwa anayemwajiri amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014. Mhubiri hodari au msemaji wa kusisimua watu anaweza kuwa na nafasi yake, lakini hiyo si nafasi yake.

Kuna wakati ambapo siri hulegezwa kwa kiasi, nao ni pale uhai unapokuwa hatarini. Mfanyakazi akianza kuaga watu, kugawa vitu vyake, au kusema kwamba jamaa zake wangekuwa afadhali bila yeye, anapaswa kuulizwa waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Wataalamu wanasisitiza kuwa swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humtua mzigo. Asiachwe peke yake, jamaa aitwe, apelekwe hospitalini. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini hupokea simu za bure kwa nambari 1199.

Kwa miaka mingi waliookoka walikuwa na sababu nyingine ya kuficha: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Siku ya kurejea

Mtu aliyekuwa nje kwa mwezi mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa akili huogopa siku ya kurudi kuliko alivyoogopa siku ya kulazwa. Anajua watu wamezungumza. Inafaa msimamizi ampigie siku chache kabla, wakubaliane wenzake waambiwe nini, na neno hilo lisiongezwe chumvi. Siku za kwanza zisiwe na rundo la kazi lililomngoja mezani. Wiki ya kwanza anaweza kufanya nusu siku, ya pili ikaongezwa, na kila Ijumaa pakawa na mazungumzo mafupi ya kupima mambo yanavyokwenda. Anayelindwa kupita kiasi pia huumia: kumnyang'anya majukumu yote yenye heshima, kwa kisingizio cha huruma, ni kumwambia kwa njia nyingine kwamba haaminiki tena.

Wasio na afisi

Yote hayo huchukulia kwamba kuna mwajiri, mkataba na idara. Wakenya wengi walio kazini hawana. Wamo kwenye jua kali, masokoni, kwenye steji za bodaboda, mashambani na katika nyumba za watu. Kwao, mfano wa manufaa umetoka Zimbabwe, ambako Dkt Dixon Chibanda alianzisha mwaka wa 2006 mpango wa kuwafunza akina nyanya kuwasikiliza watu wenye msongo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina nyanya hao hawakuwa madaktari. Walifunzwa kumsaidia mtu kuchagua shida moja kati ya nyingi, kuipangia hatua, na kurudi kueleza ilivyokwenda.

Vyama vya akiba na vikundi vya bodaboda tayari vina kikao cha kila wiki, mweka hazina na mfuko wa msiba. Kikundi kinachochanga kwa ajili ya mazishi kinaweza pia kuchanga nauli ya mwenzao ya kwenda kliniki kila mwezi, na kumruhusu akose zamu mbili bila kupoteza nafasi yake kwenye foleni ya steji.

Aliye mbali zaidi na msaada ni mfanyakazi wa nyumbani, anayelala anapofanyia kazi na ambaye mwajiri wake ndiye pia msimamizi, afisa wa wafanyakazi na mwenye ufunguo wa lango. Sheria ya Ajira inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka zenye mshahara kamili, sawa na karani wa benki. Siku hiyo ya mapumziko ina maana akiwa anaweza kutoka, kukutana na watu wake na kushika simu yake mwenyewe, bila kuulizwa langoni atarudi saa ngapi kupika chajio.